Binti yangu ataka kuwa mpiga fidla wa okestra. Maisha yenyewe yakoje?

BabaWaChangamwe

Hamjambo wenzangu. Wenye ujuzi naomba wanisaidie, na wasio nao wanicheke kwa adabu.

Binti yangu amemaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Fidla alianza akiwa darasa la tano. Shuleni kwao palikuwa na mwalimu wa kujitolea, na alipoondoka aliacha fidla sita. Tano zimeshakufa. Ya sita iko kwangu Changamwe, na nawaambia kweli, mwaka wa kwanza ilikuwa kama paka aliyebanwa na mlango. Siku hizi majirani huja kukaa barazani jioni ili wamsikilize. Amefika gredi ya sita katika ile mitihani ya Waingereza.

Wiki jana kanitolea maneno. Chuo cha biashara nilichomtafutia hakitaki. Ataka kuwa mpiga fidla wa okestra ya chemba. Sasa mimi chemba ninayoijua ni ile ya maji machafu iliyoziba nyuma ya ploti yetu tangu mvua za masika. Akanionyesha kwenye simu: watu kama ishirini, wengi wamesimama, hakuna hata mtu mbele wa kuwapungia kijiti, na wanakwenda pamoja kama makasia ya mtumbwi. Nakiri ilinigusa. Lakini kuguswa hakulipi kodi ya nyumba.

Naomba kujua: mtu wa kazi hii hula nini? Kazi ipo hapa Mombasa, au ni Nairobi na Ulaya tu? Halafu kuna fidla inauzwa 85,000, aliyenayo aniambia ndiyo inayomfaa mtoto wa kiwango chake. Naweza kuchukua mkopo wa sacco. Nichukue? Mama yake asema nimuulize Mungu. Nimeona nianze na nyinyi.

MwanaKisauni

Mzee wangu, mpeleke akasomee uuguzi. Fidla apige Jumapili. Mimi nilikuwa na binamu mpiga gita, sasa hivi ana tuktuk na gita liko juu ya kabati. Hana majuto, na tuktuk ameshamaliza kuilipa.

FidlaYaPili

Bwana wa Changamwe, salaam. Swali lako nimelisoma nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, fidla mapajani. Jibu naliandika vipande vipande, nusu ng'ambo hii, nusu ng'ambo ile, kwa hivyo likirukaruka nisamehe.

Nina miaka hamsini na moja na hii ndiyo kazi yangu, sina duka wala shamba. Ami yangu alikuwa akipiga fidla kwenye harusi, nami nilikuwa mbeba mfuko wake. Nilipofika miaka tisa akanipa niishike, kwa sharti moja: mkono uliokula samaki usiguse upinde. Singa za upinde ni nywele za mkia wa farasi, na mafuta yakiingia pale upinde hauumi tena kwenye uzi, unateleza tu. Hadi leo nikitoka kula papa wa nazi nanawa mara mbili.

Tuanze na chemba, maana umenichekesha. Wewe si mtu wa Pwani? Huwaoni watu wakiitana chemba? Mtu anakushika mkono, mnatoka kando, mnazungumza yasiyofaa kadamnasi. Chemba ya muziki ndiyo hiyo. Ulianza vyumbani mwa wakubwa wa Ulaya, wapigaji wachache, wasikilizaji wachache, na kila sauti inajulikana ni ya nani. Okestra kubwa yaweza kufika watu themanini au mia, na fidla za kwanza peke yake zikawa kumi na sita. Pale ukikosea, umefichwa na wenzako kumi na tano. Okestra ya chemba yaweza kuwa watu kumi na tano, ishirini, arubaini ni wengi. Yetu sisi ina watu kumi na wanne: fidla za kwanza nne, za pili nne, viola mbili, yaani fidla kubwa kidogo, chelo tatu na besi moja, hizo husimamishwa sakafuni. Mwenye besi ni daktari wa meno. Mmoja wa chelo ni karani wa bandari. Twakutana Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa kukodi Ganjoni, na ukikosea pale hakuna msitu wa kujificha.

Mimi nakaa fidla za pili, kama jina langu linavyosema. Watu hudhani wa pili ni aliyeshindwa kuwa wa kwanza. Nilidhani hivyo pia, na nilinuna karibu miaka miwili mizima. Wa kwanza ndio wenye wimbo, ule utakaotoka nao mlangoni ukiupiga mluzi. Wa pili tunapewa yaliyo chini yake: noti zinazojirudia, mapigo ya ndani, na wakati mwingine noti moja tu inayoamua kama kipande kinacheka au kinalia. Wa kwanza wakitangulia, sisi ndio wa kuwavuta nyuma bila wao kujua. Viola wakizembea, twawasukuma. Basi kazi yenyewe kubwa ni ya masikio, vidole huja baadaye.

Nami si wa kwanza kuona hivyo. Neville Marriner, Mwingereza aliyeanzisha Academy of St Martin in the Fields mwaka 1958, okestra ya chemba ambayo rekodi zake zimeenea dunia nzima, miaka hiyo alikuwa akiongoza fidla za pili katika London Symphony Orchestra. Yaani alitoka kwenye kile kiti ambacho binti yako huenda anakikwepa. Walianza watu wachache tu, bila kondakta, yule mwenye kijiti, yeye mwenyewe akiongoza kwa fidla yake.

Hao uliowaona kwenye simu bila mtu wa kijiti, huenda ni wa Orpheus wa New York. Walianza mwaka 1972 na mpaka leo hawana kondakta. Hata kiti cha fidla ya mbele wanapokezana, leo huyu, kipande kinachofuata yule. Ukiniuliza mimi, ni kama matatu ya Kongowea isiyo na makanga na bado kila abiria akatoa nauli. Yawezekana, lakini abiria wote wawe wamekubaliana tangu stendi. Ndiyo maana mazoezi yao ni marefu na yana maneno mengi. Kwenye okestra kubwa kondakta husema na mambo yakaisha. Kwetu mtu wa chelo aweza kumwambia kiongozi, "Hapo wakimbia," na kiongozi akanywea.

Sasa chakula. Nimeifungua daftari yangu ya mwezi uliopita, nakupa kama ilivyo.

Harusi mbili Diani, watu wanne, kila mmoja 10,000 kwa harusi: 20,000. Tafrija Nyali, mimi peke yangu na spika: 8,000. Wanafunzi wangu saba, somo moja kwa wiki kila mmoja, 1,200 kwa somo, na masomo mawili hayakufanyika kwa sababu mtoto mmoja aliugua: 31,200. Shule ninayofundisha mchana siku mbili kwa wiki: 18,000. Halafu onyesho la okestra yetu, baada ya kulipa ukumbi na viti tukagawana kilichobaki mlangoni: 2,300.

Jumla 79,500. Usifurahi. Huo ni mwezi mzuri, wa harusi. Ramadhani iliyopita nilipata 21,000, kwa sababu harusi hakuna na nusu ya wanafunzi hawaji. Aprili na Mei mvua zikianza na watalii wakaondoka, hoteli hazikupigii simu. Kila baada ya miezi minne hivi nabadilisha nyuzi, na mwezi huo 5,500 zimeondoka kabla sijanunua unga.

Tazama hiyo 2,300 sasa. Okestra, ile ambayo binti yako anaiota, ndiyo iliyonilipa kidogo kuliko vyote. Miaka mingine hainilipi kitu. Lakini kama si ile Alhamisi ya Ganjoni, mkono wangu ungekuwa wa harusi tu: nyimbo kumi na tano zile zile, bibi harusi anaingia, keki inakatwa, twende nyumbani. Mwaka mmoja niliacha okestra kwa hasira (ugomvi wa kipumbavu, juu ya nani akae karibu na feni). Kufikia Desemba mwanafunzi wangu mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akaniambia, "Mwalimu, mbona siku hizi noti yako ya la iko chini?" Nikarudi Januari, nikakaa mbali na feni.

Yako mengine ya mwili ambayo hakuna atakayekwambia. Bega la kushoto linauma kwa sababu limeinuka nusu ya umri wako. Vidole vya kushoto vina ncha ngumu kama za mshona viatu. Na chini ya taya, upande wa kushoto, fidla huacha alama nyekundu ya kusuguliwa. Mimi nilipokwenda kuposa, mama mkwe mtarajiwa aliiona alama ile, akanyamaza, akamwita ndugu yake chemba. Ilibidi ami aje na fidla yake kutoa ushahidi. Mwambie mama yake binti mapema, asije akamhoji bure.

Feri imefika. Ya fidla ya 85,000 nitakwambia baadaye, usilipe chochote kwanza.

BabaWaChangamwe

Ustadh, ahsante sana. Nimemsomea binti yote. Kwenye alama ya shingo mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa ameshaiona na kunyamaza.

Binti asema hataki fidla ya pili. Asema yeye ni wa kwanza.

Naomba uniambie na hizo hoteli: hulipa vizuri? Ndiko ninakoona kama kuna pesa ya haraka.

FidlaYaPili

Haraka? Bwana, ngoja nikupe kisa.

Hoteli moja ya pwani ya kusini, jina naliacha, ilituita wanne tupige chakula cha jioni cha mwaka mpya. Tukapiga saa tatu. Malipo wakasema Januari. Januari wakasema mhasibu yuko likizo. Machi wakatuita tena, kuna wageni wakubwa, na deni lote tutalipwa kwa pamoja. Tulikwenda, maana ukikataa umelipoteza deni na mteja.

Basi mwenzetu wa viola akakumbuka kisa cha Haydn. Huyu Joseph Haydn, mtunzi wa muziki, alikuwa kiongozi wa okestra ya bwana mkubwa mmoja wa Hungaria, Nikolaus Esterházy, na okestra ile ilikuwa ndogo, ya chemba hasa. Mwaka 1772 bwana yule alikaa kwenye kasri lake la kiangazi kupita kawaida, na wanamuziki wengi walikuwa wameacha wake na watoto mjini Eisenstadt. Wamechoka, wataka kwenda kwao, na hakuna wa kumwambia bwana. Haydn akatunga simfoni, ile ya namba 45. Mwisho wake, badala ya kishindo, mpigaji mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wa stendi yake, anaondoka. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Mwishowe wanabaki fidla wawili tu gizani, wamezibana sauti, wanapiga polepole mpaka kimya. Yasimuliwa kwamba bwana alielewa, na kesho yake msafara ukafungasha.

Sisi tukasema, nasi tuifanye. Kipande cha mwisho, chelo akazima taa yake ya stendi, akabeba chelo akatoka. Viola akafuata. Nikabaki mimi na fidla ya kwanza, twanong'ona na nyuzi zetu gizani, mimi moyoni nasema leo watatuelewa.

Meneja akasimama akapiga makofi. Alidhani ni mapambo. Akatuambia mwaka ujao turudie hivyo hivyo. Deni hatujaliona hadi leo.

Kwa hivyo siku hizi nusu ya pesa huwa mkononi kabla sijafungua mfuko wa fidla, na iliyobaki kabla ya keki. Harusi za familia za hapa, kwa kweli, hulipa vizuri kuliko hoteli, na unakula pilau.

Na hiyo fidla sasa. Usinunue. Sijaiona na siwezi kuisema vibaya, lakini sababu yangu ni hii: hata fidla ya milioni haipendi Mombasa. Fidla hugandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, inayolegea ikipata joto na unyevu. Wanaotengeneza huitumia makusudi, ili mbao zikivimba, gundi iachie kabla ubao haujapasuka, kisha fundi aigandishe tena. Hutokea hata kwao Ulaya. Hapa kwetu, msimu wa masika, nishafungua mfuko nikakuta ubao wa mgongo umeachana na mbavu pembeni, kidole kinapita. Vigingi vya nyuzi navyo vikishavimba havigeuki. Ukiingia ukumbi wenye baridi ya mashine vinanywea, nyuzi zote nne zinashuka kwa pamoja, na bibi harusi yuko mlangoni. Mwaka fulani niliiacha fidla kwenye gari la mwenzangu juani, foleni ya feri, dakika arubaini. Rangi ya mgongo ikashika kitambaa cha mfuko. Alama za kitambaa zipo hadi sasa, nazo ni zangu za maisha.

Hiyo ya sita iliyonusurika kwenu, ambayo wenzake watano wamekufa, imeshazoea hewa ya Changamwe. Huenda shida yake ni ndogo. Mwambie binti achungulie ndani kwa tundu la upande wa uzi mwembamba. Kuna kijiti kimesimama wima kati ya ubao wa juu na wa chini. Hakina gundi, kimebanwa tu. Waitaliano hukiita anima, yaani roho, na kwa hakika kikisogea milimita moja fidla hubadilika tabia, kikianguka sauti inakufa. Aangalie pia daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kama limeinamia mbele. Madaraja mengi ya fidla za shule huinama kwa miaka bila mtu kuyanyoosha, mpaka yakapinda. Kusogeza roho na kuchonga daraja jipya ni kazi ya fundi ya siku moja. Ikibaki pesa, nyuzi nzuri na singa mpya. Singa mimi huzipeleka Nairobi, hapa sijapata mkono ninaouamini.

BiMwanaKibokoni

Nyinyi wanaume mwazungumza fidla kama imeletwa na Wazungu pekee. Mimi nina miaka sabini na mbili. Fidla imo katika taarab tangu bibi zetu. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905, na ukienda kule wakati wa enzi zao wakubwa utakuta safu ya fidla kama hiyo okestra yenu, na kanuni, ile ya nyuzi nyingi, na udi, na chelo, mtindo wa Misri. Huku kwetu Mombasa ndio hatukuzipa fidla nafasi hiyo. Marehemu Juma Bhalo alitupendeza kwa kinanda na tabla na mahadhi ya Kihindi, na Zein l'Abdin kwa udi wake wa Kilamu, Mungu awarehemu wote wawili.

Sasa huyo mtoto, kwa nini asijifunze na yetu? Fidla ya Kiarabu wengi hufunga nyuzi zake vingine, sol, re, sol, re, ili mkono ucheze vizuri maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, na kuna sauti za kati ambazo kwenye noti zenu hazimo. Mpiga fidla mwenye sikio la huku na huku hatalala njaa Pwani. Unguja kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, kipo tangu 2002, wanafundisha taarab na fidla.

Nawe FidlaYaPili, kama ami yako ndiye ninayemdhania, alikuwa na tabia ya kula tambuu jukwaani. Sikulaumu wewe.

FidlaYaPili

Shikamoo Bi Mwana. Ndiye, na tambuu ndilo lililotia doa zulia la bibi harusi mmoja wa Kuze. Nilikuwepo.

Usemalo ni kweli tupu, nami ningelitaja mwanzo. Miaka kumi ya kwanza ya upigaji wangu nilipiga kwa sikio, sol re sol re, sijui noti hata moja. Nilipokuja kufundishwa fidla ya Kizungu, sol re la mi, mwalimu alikuwa akinipiga kidole kwa penseli kila nikiteremsha mi kidogo, ile robo ya sauti tuliyoizoea. Ilinichukua muda kujua kwamba sikosei, nabadilisha nyumba tu. Mpaka leo kwenye fidla za pili, kipande cha huzuni kikija, kidole chataka kushuka kwao. Wenzangu wananijua, hunitazama kabla haijatokea.

Na kwa vile watu wameniuliza kisirisiri: ndiyo, mimi Mwislamu, na kila Pasaka niko kanisani napiga muziki wa Handel kwa malipo. Kwaya wananipa maji kwanza kabla ya wao kunywa. Ikiangukia Ramadhani huniwekea bahasha ya futari.

Nesi_Tudor

Niseme na mimi kwa ufupi kwa Baba. MwanaKisauni ametaja uuguzi kama vile ni lazima uchague. Mimi ni muuguzi, zamu za usiku, na nakaa fidla za kwanza kwenye okestra ndogo ya Alhamisi. (FidlaYaPili, usinitaje.) Wenzangu wengi Nairobi ni hivyo hivyo: Nairobi Orchestra ipo tangu 1947, na wengi wanaopiga humo ni watu wenye kazi zao. Ugumu ni mmoja: mikono. Kuosha mikono kwa dawa mara hamsini kwa zamu kunakausha ncha za vidole, na vidole vikikauka vinapasuka, na uzi wa mi unaingia kwenye ufa. Nalala na mafuta ya nazi na soksi mikononi. Mume wangu ameshazoea.

BabaWaChangamwe

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Bi Mwana, shikamoo, nimemweleza binti habari za Unguja na sasa hataki kunyamaza.

Tumechungulia ndani kwa tochi ya simu. Kijiti kipo lakini kimeinama kama mlevi. Daraja nalo limepinda, hata mimi nimeona.

Swali la mwisho, Ustadh. Na Ulaya je? Ndiko macho yake yaliko.

FidlaYaPili

Sitamfungia mlango, lakini ajue mlango ulivyo. Vyuo vikubwa vya muziki vya Ulaya na Marekani hupokea watoto walioanza na miaka mitano, saa nne kwa siku. Gredi ya nane, ya mwisho katika ile mitihani, huko si cheti cha kujivunia, ni ngazi ya kupandia. Baada ya chuo kuna majaribio ya kuingia okestra, watu wengi kwa kiti kimoja.

Lakini lipo jambo moja nalipenda katika majaribio yale. Tangu miaka ya 1970 okestra nyingi za Marekani huweka pazia kati ya mpigaji na majaji, wasijue ni mwanamume au mwanamke, mweusi au mweupe. Pengine hutandikwa zulia, au mtu huvua viatu, ili hata mlio wa kisigino usiseme kitu. Ninapofanya majaribio ya wanafunzi wangu huning'iniza kanga mlangoni. Nilishangaa mara ya kwanza: mtoto niliyemdhania bora alikuwa wa tatu. Tangu hapo naamini kanga kuliko macho yangu. Na London, mwaka 2015, mpiga besi Chi-chi Nwanoku, baba yake Mnaijeria na mama Muairishi, alianzisha okestra ya Chineke! yenye wapigaji wengi weusi na wa asili mbalimbali. Amtafute kwenye simu yake, kisha arudi kwenye mazoezi yake ya skeli.

Kabla ya huko kuna Nairobi. Kenya Conservatoire of Music ipo tangu 1944, na treni kutoka Miritini daraja la kawaida ni 1,500, asubuhi waondoka, mchana uko huko. Mimi nilikwenda hivyo kwa mwaka mzima, mara mbili kwa mwezi, enzi za basi la usiku, fidla nimeifunga kwa mkanda wa suruali kwenye mguu nisije nikalala ikaondoka.

Na kabla ya Nairobi kuna Alhamisi. Fidla za pili tuna kiti, mwenzetu amehamia Kilifi. Malipo ni hayo uliyoyaona. Ajue atakaa upande wa ndani, karibu yangu, na anayekaa ndani ndiye anayefungua kurasa, mimi naendelea kupiga. Kama kweli ni wa kwanza kama asemavyo, tutamsikia hata akiwa kwa wa pili, na Nesi atakuwa wa kwanza kulalamika.

Roho na daraja nitamsimamishia mwenyewe, 2,500, nyuzi ni bei ya dukani. Aje saa kumi na moja, si kumi na mbili, maana dakika ishirini za kwanza ni kupatanisha nyuzi kwa noti ya la tu. Aje na mto mdogo wa bega, na kitambaa cha jasho. Na penseli. Tunabadilisha njia za upinde kila wiki, na wino siutaki kwenye noti zangu.